Bango la Asante Mama

Leo mnivumilie, ndugu zangu, siwezi kusimama mahali pamoja. Mfano huu umenikaa kooni tangu juzi na sipati raha mpaka niutoe. Mzee wa kanisa, usiangalie saa, nitakuwa mfupi.

Palikuwa na dereva mmoja wa lori. Lori lenyewe lilikuwa la nguvu, lile la turbo, wenye kujua wanasema nguvu ya farasi mia nne. Farasi hamuwaoni, ila gari likinguruma mnajua kwamba wamo. Na mbele, pale usoni pa gari, dereva huyu alikuwa amefunga bango la bati kutoka taa hadi taa, limeandikwa kwa rangi nyekundu: ASANTE MAMA. Bango zuri kweli. Kila asubuhi alilifuta hilo kwanza, kioo baadaye. Barabara nzima ya pwani walimjua kwa jina hilo. Wauza mahindi walimwita Asante Mama, na askari wa barabarani hivyo hivyo.

Mama mwenyewe aliishi kule juu milimani, na lile bango lilikuwa halijawahi kupanda mlima huo hata mara moja. Sisemi kwamba hakumpenda mama yake. Alimpenda. Alikuwa akisema wiki ijayo, halafu mwezi ujao, halafu mvua zikikatika. Kalenda hiyo mnaijua, wengi wetu tunayo nyumbani.

Siku moja dada yake akapiga simu. Akasema mama amezidiwa, chakula hagusi tena, na kila mlango ukifunguliwa anauliza kama ni yeye. Akamwambia awahi, ikiwezekana leo leo. Yule bwana hakuaga mtu. Aliwasha lori na mzigo wake mgongoni, akaondoka.

Tambarare alikwenda vizuri. Alipoanza kupanda, gari likachoka. Akakanyaga mafuta, likatoa moshi mweusi na kupunguza mwendo. Akakanyaga zaidi, moshi ukazidi, mwendo ukapungua tena, mpaka akina mama wenye kuni kichwani wakampita huku wakimpungia mkono. Akasimama. Akashuka, akaangalia matairi. Akapanda, akashuka tena, akafungua tangi la mafuta, akalifunga. Simu ikaita, ni dada. Hakuipokea, maana angemwambia nini? Akachota maji mtaroni, na mnajua aliyamwaga wapi? Alilisafisha bango.

Hapo akatokea dereva mwenzake akiteremka, mama mmoja wa makamo, naye wa lori. Akasimama, akamsikiliza, akaingiza mkono nyuma ya bango na kuutoa upesi kama mtu aliyeshika sufuria.

"Kaka, gari lako linavuta hewa ya moto," alisema.

Akamweleza polepole. Turbo inaisindilia hewa, na hewa ikisindiliwa inapata moto. Hewa ya moto ni nyepesi, haishibishi injini. Ndiyo maana hapo mbele kuna kipoza hewa, kinafanana na rejeta, kinangoja upepo wa barabarani ukipulize, ili injini ivute hewa baridi, nzito, ipate nguvu. Bango limeuziba, na bila upepo huo unamwaga dizeli tu na kutoa moshi. Kwenye tambarare huoni tatizo. Mlima ndio unaosema ukweli. Akamwambia afungue bango, aliache gari lipoe kidogo, kisha apande.

Yule bwana akalisimamia bango lake kama mtu anayelinda mlango.

"Dada, hili siwezi kulitoa. Hili ni la mama yangu."

"Mama yako yuko hapo kwenye bati, au yuko kule juu?"

Ndugu zangu, alirudi garini akajaribu tena na bango lake! Akaenda mwendo wa konokono mpaka kona ya kwanza, moshi ukamfunika. Simu ikaita tena. Jua lilikuwa linainama, na mimi hata nikisimulia nataka kumvuta shati. Mlima ule anaupanda kwa ajili ya nani? Na kinachomzuia kimeandikwa jina la nani?

Ndipo akachukua spana. Bolti zilikuwa zimeota kutu, kwa sababu tangu zifungwe hazikuwahi kuguswa. Alizipiga nyundo huku analia, na bango likaanguka barabarani kwa kishindo. Gari lilipopoa, akalirusha bango juu ya mzigo, akawasha. Lori likapanda.

Alimkuta mama hai. Akaingia na lile bati mikononi, maana alitaka mama ajue kwamba hakumsahau. Mama macho hayakuona tena vizuri. Akapapasa herufi kwa vidole, akauliza zimeandikwa nini. Mwanawe akamsomea.

"Ni kubwa?" mama akauliza.

"Kubwa sana, mama. Hata aliye ng'ambo ya barabara anasoma."

Mama hakuondoa vidole juu ya bati.

"Huku hazikuonekana, mwanangu," akasema.

Walipata jioni hiyo moja tu.

Sasa sisi. Sisi tuliovaa fulana zenye picha za wazazi wetu. Sisi tunaobandika mistari ya Biblia kwenye vioo vya magari, tunaoweka picha ya mama kwenye simu na kuandika chini yake kwamba bila wewe mimi si kitu, watu wanapenda, wanaweka mioyo, na mama mwenyewe hana habari kwamba ameandikwa. Maneno hayo alikuwa anasomewa nani? Hata Mungu tumemfunga mbele ya gari, herufi kubwa, na nyuma ya herufi hizo hakuna upepo unaopita. Halafu tukifika mlimani tunashangaa kwa nini hatuna nguvu, tunakanyaga, tunapiga kelele, moshi tupu. Mimi sisemi bango ni dhambi. Nasema tazama limefunika nini.

Na tusijidanganye kwamba tuna muda wa kungoja mvua zikatike. Yule bwana aliipata jioni moja, na aliipata kwa sababu alishika spana.

Nimemaliza. Kwaya, msiimbe kwanza. Hapa ndani kuna mtu amekuwa akiishika simu yake mfukoni tangu nilipoanza kusema. Ndugu yangu, inuka, toka nje, mpigie. Sisi tutakungoja.