Wajukuu wa Sultani Hamdani

Palikuwa na ugomvi katika banda la farasi la Sultani Hamdani, na aliyethubutu kugombana naye ni Bi Kirembwe, mfagiaji wa banda.

"Almasi ana minyoo, Maulana! Mtazame. Tumbo kama pipa, mbavu nje, manyoya yamesimama. Farasi wa miezi sita hawi hivi."

"Almasi ni mwanangu!" alisema Sultani. "Nimemlea kwa maziwa na tende. Minyoo ni ya punda wako."

"Punda wangu kanenepa. Nampa dawa."

"Mwanangu hanywi dawa ya punda!"

Sultani alighadhibika mpaka kilemba kikamlegea. Akatoa amri hapo hapo: atakayelitamka tena neno minyoo ndani ya banda lile, hata awe nani, akatwe ulimi. Akamweka Shamte, mkata ndimi, akae mlangoni na kisu chake. Kisha akamgeukia Bi Kirembwe.

"Na Almasi akifa, wewe unamfuata."

Hebu jiwekeni hapo, jamaa zangu. Akisema, ulimi. Akinyamaza, roho.

Bi Kirembwe akapiga magoti, akatega sikio kwenye tumbo la Almasi. Akakaa hivyo kitambo. Akainuka akitabasamu.

"Nisamehe, Maulana. Sicho kile nilichosema. Almasi ana mimba."

"Ni dume!"

"Ndiyo, Maulana."

"Ana miezi sita!"

"Ndiyo, Maulana. Punda wangu asingeweza. Lakini huyu si mwana wa Sultani?"

Sultani akapapasa ndevu. Akafikiri.

"Ni kweli," akasema taratibu. "Hata mimi niliota meno mapema."

"Basi umeona, Maulana. Ni damu hiyo hiyo."

"Atazaa lini?"

"Kesho, nikiruhusiwa kumpa dawa."

"Ya punda?"

"Hasha! Ya wazazi."

Ruhusa ikatoka. Bi Kirembwe akaponda mbegu za papai, akachanganya na asali, akamnywesha Almasi. Huko mjini ngoma zikalia. Waziri akawaandikia barua masultani wa jirani. Mke wa kadhi akashona kofia nne ndogo, kila moja na matundu mawili ya masikio.

Asubuhi Sultani akaingia bandani na joho lake la sikukuu. Almasi alikuwa anatafuna majani, tumbo limeshuka. Kando yake Bi Kirembwe amesimama na ndoo iliyofunikwa kanga.

"Hongera, Maulana! Mzazi salama, anakula. Na wajukuu zako hawa hapa, ndoo nzima."

"Ndoo nzima!" Machozi yakamlengalenga Sultani. "Wanafanana na nani?"

"Funua mwenyewe, Maulana. Mimi ni mfagiaji tu, naogopa kusema."

Sultani akafunua. Akainama. Akaruka nyuma mpaka akalikanyaga joho lake.

"We mwanamke! Hii ni minyoo!"

Hata Almasi akaacha kutafuna.

Bi Kirembwe akaziba mdomo wake kwa mikono miwili. Akaenda taratibu mpaka mlangoni, Shamte alikokuwa ameshainuka na kisu. Wakanong'onezana kidogo. Bi Kirembwe akageuka, akainama kwa adabu.

"Maulana, Shamte alikuwa anatazama nje. Anauliza, ni ulimi wa nani?"