Vifaranga wa Maganda ya Mahindi

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, paka pori walikuwa wakibisha hodi kabla ya kula watoto wa watu. Ndiyo, chekeni tu! Adabu walikuwa nayo, huruma ndiyo hawakuwa nayo.

Basi chiriku mmoja, Bi Tunu, alikaa ndani ya shimo la mfenesi na vifaranga wake watatu, ambao hawajajua kuruka. Asubuhi moja, ko! ko! ko!

"Hodi!"

"Nani mwenzangu?"

"Mfaume, paka pori wa bondeni. Mama mkwe wangu amekuja, na anapenda vifaranga wa kukaanga. Jioni nitapita kuchukua hao wako. Usinicheleweshe, nina mgeni!"

Akaenda zake, mkia juu. Bi Tunu akalia. Watoto hawaruki, na kuwabeba hawezi. Atafanya nini?

Na nyuma yake, kwikwikwi! Vifaranga wanacheka. Walikuwa wakitengeneza ndege wa kuchezea: ganda la mahindi unaliviringisha, unalifunga kiunoni, kichwa cha udongo, macho ya mbegu za papai, halafu manyoya unayabandika kwa uji.

"Mama, uji haushiki!" akalalamika mdogo wao, Kidawa. "Ndege wangu amebaki uchi!"

"Mnachezea uji siku kama ya leo?" Bi Tunu akafoka.

Mara akamtazama yule ndege aliye uchi. Akatazama utomvu wa mfenesi uliokuwa ukichuruzika ukutani. Akaanza kucheka mpaka akakaa chini.

"Mwageni uji, wanangu! Leo tunabandika kwa ulimbo!"

Ulimbo mnaujua? Ni ile gundi ya utomvu ambayo watoto watundu, siwataji majina, huwategea ndege. Sasa ndege wenyewe wakaushika! Wakaviringisha, wakafunga, wakapaka, pakapaka! Wakatokea vifaranga watatu wanene, wametulia sakafuni kama wamelala. Manyoya yaliyobaki wakayamwaga mlangoni. Watoto wenyewe wakaparamia tawi la karibu, wakajificha juu, nyuma ya majani.

Jioni, ko! ko! ko!

"Hodi!"

"Karibu, baba, karibu ndani. Watoto wamelala. Onja kwanza mmoja, usije ukampelekea mama mkwe nyama ngumu."

"Hapo umesema!" Mfaume akaruka, akamng'ata aliyenona kuliko wote. Nyam!

"Mmmh?"

"Mtamu?"

"Mmmmh! Mmmmmh!"

"Ongeza mwingine, baba, usione haya!"

Mfaume akajaribu kujibandua kwa kucha. Kucha zikanasa. Akapiga teke, mguu ukanasa. Akabingirika mlangoni, manyoya yote yakamganda, puu! akaanguka chini, akatimua mbio kwenda kwao.

Mama mkwe alikuwa uani, anapasha mafuta.

"Mwanangu, njoo uone!" akampigia kelele binti yake. "Kuku mwitu! Mkubwa kama mbuzi! Kajileta mwenyewe!"

"Mmmh! Mmmh!" Mfaume alitaka kusema, "Ni mimi, mkweo!" Mdomo haufunguki.

Wakamkimbiza, wakazunguka nyumba, wakazunguka jiko, wakamkamata. Mama mkwe akamkalia mgongoni, akaanza kunyonyoa. Nyofu! Nyofu! Nyofu! Manyoya ya chiriku yakatoka, na ya kwake pia. Mpaka likatokea sikio. Kisha sharubu.

"Lahaula!" Mama mkwe akaruka. "Nimemkalia mkwe wangu!"

Akajifunika kanga usoni, akafunga mzigo wake, akaondoka usiku huohuo bila kula. Mfaume hakupita tena chini ya mfenesi ule. Na Kidawa alitengeneza ndege mwingine, mwenye sharubu, akamtundika mlangoni.

Basi, wajukuu zangu, msimdharau mdogo anayecheza, maana hamjui mchezo wake unamfundisha nini.