Panya Aliyepakwa Mafuta

Paroko amenipa dakika kumi za kuongea nanyi Siku hii ya Wagonjwa. Nitatumia saba, zilizobaki mtazihitaji wenyewe.

Alikuwepo mama mmoja, fundi cherehani. Msianze kuangaliana, hayupo parokia hii. Panya walikuwa wanamtafunia vitenge vya wateja, akatega mtego wa chuma. Asubuhi akakuta panya kanasa, lakini hajafa. Mgongo umevunjika, miguu ya nyuma imepooza, na ngozi imejaa upele mpaka manyoya yamenyonyoka. Wewe ungefanyaje? Ungemalizia na kandambili, full stop. Yeye mkono ulimgomea. Akamtoa kwenye mtego, akamweka kwenye boksi la viatu juu ya vipande vya vitambaa.

Sasa, kufuga kiumbe kilichopooza siyo mchezo. Panya anajikokota juu ya mkojo wake mwenyewe, mkojo unamuunguza, nyonga inatoka kidonda. Fundi akampaka poda ya watoto, kidonda kikazidi. Akaenda kwa bwana mifugo. Yule bwana akacheka mpaka akashika meza.

"Mama, mimi natibu ng'ombe, natibu mbuzi. Chakula cha paka sitibu!"

Alipomaliza kucheka akampa tone la dawa ya utitiri, maana hata yeye aliona aibu. Upele ukaanza kukauka. Kidonda fundi akajifunza mwenyewe: maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kukausha kwa kugusagusa bila kusugua, kisha mafuta ya zinki. Vitambaa anabadilisha kabla ya kukata nguo, baada ya kukata nguo, na kila akisikia harufu. Miezi miwili. Kwa panya, jamani.

Ikafika Jumamosi ambayo jumuiya inasali kwake. Mnajua wenyewe: kimeza katikati, kitambaa cheupe, mshumaa, msalaba, na chai inanukia tangawizi jikoni. Wakasoma Injili, wakatoa maombi, kila mmoja na lake. Wakati wa chai, chini ya cherehani kukasikika kukwaruza.

"Fundi, nini hicho?" akauliza mwenyekiti, mama mmoja mwenye sauti ya tangazo la msiba.

"Panya wangu, mwenyekiti. Anaumwa."

"Panya *wako*?"

Katibu akalivuta boksi, akafunua. Kelele! Mzee mmoja akatema chai: "Na mimi nimekula maandazi mawili ya nyumba hii!" Mwingine akasema hayo ni mambo ya kishirikina, panya gani anapakwa mafuta kama mbatizwa. Katibu, msomi wa jumuiya, mwenye kalamu mbili mfukoni, akanyoosha kidole: "Very shameful, dada. Wapo watu wanateseka mtaani, wewe unamkanda panya?"

Akavua kiatu.

Fundi akamfunika panya kwa viganja vyake.

"Mwanangu, chagua," mwenyekiti akasema. "Katibu ammalize huyo mdudu sasa hivi, au jina lako litoke kwenye daftari la jumuiya. Na asiye na jumuiya unajua anavyozikwa."

Anajua. Sote tunajua. Hakuna padre, hakuna kwaya, majirani wanne na sepetu. Lakini viganja vya yule mama havikutoka.

Mlangoni alikuwa amekaa mwanamke ambaye kila Jumamosi hukaa mlangoni ili awahi kuondoka. Mume wake kapooza. Akasimama.

"Katibu, ngoja. Fundi, mdogo wangu, hapo kwenye nyonga hapakuwa na kidonda?"

"Palikuwa nacho, dada. Kibaya."

"Kilifungaje?"

"Niliacha poda. Poda inashikana na mkojo inakuwa kama simenti, inakwangua."

Yule dada akakaa chini taratibu. "Mimi natumia poda," akasema. "Kwa mume wangu. Mgongoni ngozi imetoka, pamebaki nyama."

Kisha mwenyekiti, kwa sauti ndogo: "Mama, mbona hukutuambia kama imefika huko?"

"Nimewaambia kila Jumamosi, mwaka na miezi miwili. Nasema, namwombea mume wangu. Mnaitikia, Ee Bwana, twakuomba utusikie. Mnakunywa chai, mnaondoka."

Fundi akanyanyuka. Akachukua kopo la mafuta, akachukua rundo la vitambaa safi. Boksi akaliweka mapajani kwa mwenyekiti, juu ya sare yake mpya.

"Nishikie. Akikojoa, umbadilishie."

Wakatoka wanawake wawili. Mwenyekiti akabaki ameshika panya, na hakuthubutu kumweka chini.

Upele ulipona. Miguu haikupona. Msiniulize zaidi, maana nawajua: mtajadili panya mpaka jioni ili msijadili yule mwanaume.

Sisi, ndugu zangu, ndio tulikuwa tunakunywa ile chai. Sisi! Tunamwagiza Mungu aende nyumba ya nne kutoka hapa, kana kwamba miguu yetu ndiyo iliyopooza. Tukienda, tunakwenda ishirini, na sabuni tatu na mtu wa kupiga picha, tunasimama mbali na kitanda kwa sababu ya harufu, tunaimba ubeti mmoja, tunapost. Serious? Mgonjwa ametuelemea kuliko panya alivyomwelemea mwanamke mmoja mwenye cherehani?

Mtaniambia nina hasira. Ninayo. Nina digrii, sina kazi, mchana kutwa nipo mtaani na ninasikia watu wakilia nyuma ya kuta ambazo nyinyi mnapita mkienda kazini. Na mimi pia nimepita. Nimepita sana.

Karatasi ya maombi ya wagonjwa hii hapa, ina majina kumi na saba. Leo siyasomi. Nataka mtu mmoja tu asimame aniambie, katika hawa kumi na saba, mmoja wao analalia ubavu gani, na nani anamgeuza.

Nasubiri. Dakika tatu bado zipo.