Pimbi na Magunia ya Ulanga

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati mito ilikuwa bado inajifunza njia ya kwendea bondeni, aliishi Pimbi, mama mwenye umbo dogo, mkazi wa mwambani. Alikuwa mdogo hivi kwamba Nyati akimpita alidhani amepita jiwe.

Pimbi alikuwa na jambo alilolipenda. Akishaosha vyombo na kumfunga mwanawe mgongoni kwa mbeleko, alishuka kijitoni na karai lake la bati. Huchota mchanga, huongeza maji, huzungusha taratibu. Swaa... swaa... swaa. Mchanga mwepesi humwagika, mzito hubaki. Na siku moja moja, chini kabisa ya karai, hubaki punje ya dhahabu, ndogo kama mbegu ya mchicha.

Hakuiuza. Aliitazama tu, kisha akaitia kwenye gamba la konokono. Msimu mzima alipata punje tano, na moyo wake ulikuwa umeshiba.

"Hivi unapata nini hapo, mama?" majirani walimwuliza.

"Mwanangu analala," alijibu, "nami naota macho yakiwa wazi."

Kwenye ukingo, juu kidogo ya maji, palikuwa na tundu. Humo aliishi Mdiria, ndege wa rangi ya samawati mwenye mdomo mrefu, pamoja na makinda wake watatu. Jua likimchoma mtoto wa Pimbi, Mdiria alikuja kumtandazia bawa. Hakuwahi kuombwa.

Siku moja, gudu! gudu! gudu! Kiboko na Nyati wakaja, machepe mabegani.

"Shikamooni, wazee," Pimbi akasema.

"Marahaba, kadogo," Kiboko akajibu. "Tumesikia unaokota dhahabu. Lete hilo karai!"

Akachota mchanga, akatikisa kwa nguvu zake zote. Chubwi! Chubwaa! Maji, mchanga na karai lenyewe vikaruka, vikamwangukia Nyati usoni.

"Pthu! Kazi ya kitoto hii!" Nyati akasema, akifuta macho. "Dhahabu ya mtoni hutoka ukingoni. Tuubomoe ukingo wote, tuimalize leo leo."

Mdiria akatoka tunduni, pururu! "Wazee wangu, nawasihi! Wanangu hawajajua kuruka. Nipeni siku tatu tu."

"Dhahabu haingoji manyoya," Nyati akasema, akainua chepe.

Moyo wa Pimbi ukapiga pa! pa! pa! Angewezaje kumzuia Nyati, yeye asiyefika hata magotini kwake? Akatazama lile tundu. Midomo mitatu midogo ilikuwa wazi, ikingoja chakula. Basi Pimbi akacheka, tena kwa sauti.

"Jamani, wazee! Nguvu zote hizo mnakuja kuzimaliza hapa?"

"Una maana gani?" Nyati akashusha chepe.

Pimbi akatoa magamba mawili ya konokono, akamwaga vilivyomo juu ya jiwe, palepale juani. La kwanza lilikuwa na zile punje tano. La pili lilikuwa na ulanga aliomwokotea mwanawe wa kuchezea. Ulanga, wanangu, ni vile vipande vyembamba vya mwambani, vyepesi kama maganda ya kitunguu.

"Hizi tano nimezipata hapa, msimu mzima," akasema. "Na hivi vimejaa kwenye kilima kile, ni vya kujizolea tu."

Jua likaupiga ulanga. Meremete! Meremete! Kiboko akafumba macho.

"Lo! Vinanipofusha!"

Nyati hakuwa mjinga sana. Akasogea. "Kadogo, sema kweli. Ipi hapa ndiyo dhahabu?"

Pimbi akainamisha kichwa. "Mzee Nyati, mimi mama wa jikoni nikufundishe dhahabu mzee kama wewe?"

"Nani kasema siijui?" Nyati akafura. "Dhahabu ni ile inayong'aa! Hizi punje zako zimefifia kama meno ya Kiboko."

"Meno yangu yameingiaje hapa?" Kiboko akauliza.

"Na mbona huendi kuzoa mwenyewe, kadogo?"

"Gunia nitalibebea wapi, mzee? Mgongo una mwenyewe." Na yule mwenyewe akapiga chafya, chii!

Wakaondoka mbio kuelekea kilimani, wakisukumana. Hakuna aliyekumbuka kuvipeleka vyote viwili kivulini, wanangu. Kivulini ulanga huzimika, na dhahabu hubaki na rangi yake.

Siku tatu zikapita polepole, kama maji ndani ya karai. Pimbi aliosha mchanga wake. Mdiria alikaa tawini na samaki mdomoni, akiwaita wanawe. Siku ya pili kinda wa kwanza akaruka. Siku ya tatu asubuhi akaruka wa pili. Wa tatu, yule mdogo, alichungulia nje, akaona maji, akarudi ndani.

"Njoo, mwanangu," Mdiria akamwita. "Njoo, mama yupo."

Gudu... gudu... gudu... Wakubwa hao, wanarudi! Wamejaa jasho, kila mmoja na magunia matatu.

"Tuoshee!" Kiboko akaamuru, akihema. "Tena upesi, ukingo nao unatungoja!"

"Haraka huimwaga dhahabu, mzee," Pimbi akasema. Akachota konzi moja kutoka guniani, akaongeza maji, akazungusha. Swaa... swaa... Ulanga ukaelea, ukatoka nje ya karai.

"Haya, endelea!" Nyati akafoka.

Swaa... swaa... Gunia la kwanza likaisha, la pili likaisha, na chini ya karai hapakubaki kitu. Lakini kijito! Kijito kizima kilimeremeta, kama nyota zimeshuka kuoga mchana. Hata Kiboko alisogea kutazama, mdomo wazi.

Kinda mdogo akachungulia tena. Safari hii hakuona maji. Aliona mwanga unatembea. Akausogelea, hatua moja, hatua mbili, akajisahau, puru! Akawa hewani, anaufuata mwanga, na mama yake ubavuni mwake.

Nyati akazinduka. "Pimbi! Umetudanganya!"

"Nilisema uongo gani, mzee? Niliweka vyote viwili juani, mkachagua." Pimbi akaonyesha tundu tupu. "Sasa ukingo huo hapo. Chimbeni, hakuna mtu ndani."

Nyati akalishika chepe. Uchovu ukamzidi, chepe likaanguka, tii! Kiboko yeye alikuwa ameshajilaza majini, anakoroma.

Ndivyo ilivyo, wanangu: mwenye kiburi cha kujua kila kitu hubeba mzigo wa bure mpaka mgongo umfundishe.