Meno Ninayo

Mara ya mwisho kumdanganya mtu bila kutamka hata neno moja la uongo ilikuwa lini? Usimwangalie jirani yako. Nakuuliza wewe.

Kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, kule nyanda za juu ambako mwezi wa saba watu huoga kwa imani. Miaka thelathini na moja alifundisha Fizikia, na alipostaafu kazi hakustaafu kujua. Mkewe alipomwomba aite fundi wa kufunga sola, kwa ajili ya mashine yake ya kutotoleshea vifaranga, mwalimu alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Fundi! Mtu aliyechora saketi ubaoni nusu ya maisha yake aitiwe fundi?

Akaenda dukani mwenyewe. Muuzaji alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, binti ambaye sasa ndiye fundi sola wa kata nzima.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Nipe waya mnene. Mwembamba unapoteza umeme njiani. Nadhani niliwafundisha."

"Ulitufundisha, na hapo uko sahihi kabisa. Chukua huu wa milimita sita. Ila sasa, Mwalimu, hivi vichwa vyake..." Akamwonyesha vijibomba vya shaba vinavyovikwa kwenye ncha ya waya. "Hivi havibanwi na koleo la kawaida. Vina koleo lake la kubania, lenye meno ya saizi. Ninalo hapa. Nenda nalo, utanirudishia."

Kuazimwa koleo na mtoto uliyempa alama thelathini na nane katika somo la umeme! Roho ya mwalimu ilikataa.

"Meno ninayo," akasema.

Na alisema kweli. Alikuwa nayo ishirini na tisa.

Kufika nyumbani, koleo pekee alilolikuta limelegea kama mkasi wa chekechea. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Mkewe yuko bandani. Akatia kichwa cha kwanza mdomoni, akakiweka kwenye gego la kulia, akauma. Cha pili. Cha tatu. Cha saba kikalia ka! Ila kilicholia hakikuwa shaba. Mwalimu akafumba macho, akapumua, akahamia upande wa kushoto, akamaliza. Kila kiungo akakizungushia tepu nyeusi, nadhifu kama zawadi ya harusi. Taa ikawaka. Mashine ikapata joto. Mkewe akapanga mayai sitini.

Mchana, mezani, mkewe akamwona anatafunia upande mmoja.

"Baba, jino? Au wali una mawe?"

Mwalimu akaguna. "Wewe chambua tu mchele vizuri."

Mnaona? Hajasema uongo. Nani asiyepaswa kuchambua mchele vizuri? Lakini tangu siku hiyo yule mama alichambua mara tatu, juani, amevaa miwani, na bado alikuwa anaomba radhi.

Siku ya ishirini, zimebaki saa chache vifaranga watoke, mashine ikaanza kupoa. Ukitega sikio uliwasikia wanalia ndani ya maganda. Mama akayafunika mayai kwa vitenge, akaweka chupa za maji ya moto, akampigia simu fundi bila kuomba ruhusa ya mtu.

Binti akaja, akapima. Paneli nzima. Betri imejaa. Umeme unatoka, mashineni haufiki.

"Ama ni viungo, ama ni hii kontrola, hiki kisanduku kinachoongoza umeme," akasema. "Mwalimu, vichwa ulivibana kwa kutumia nini?"

"Kwa meno."

Fundi akalitazama shavu la mwalimu, lililovimba upande wa kulia. Akaitazama tepu. "Meno ya saizi yake?"

"Meno mazuri tu."

"Basi viungo havina shida. Itakuwa kontrola. Naifungua niipeleke mjini, kesho kutwa itakuwa tayari."

"Kesho kutwa?" mama akasema. "Mwanangu, hawa watakuwa wamekufa."

"Nisamehe, mama. Mwalimu angekuwa amebana kwa kubahatisha, ningekata viungo nivibane upya sasa hivi, nusu saa tu. Lakini si umemsikia? Amebana kwa meno." Akachukua bisibisi.

Tumwache mwalimu asimame hapo kidogo, maana sisi tunapafahamu mahali hapo. Tukiulizwa, umemsamehe dada yako? tunajibu, "Namwombea kila siku." Kweli tunamwombea. Tunaomba ahamishwe. Ulimtembelea mgonjwa? "Nilipita pale." Tulipita, ndiyo, na gari, vioo vimefungwa. Waya wetu ni mnene, ndugu zangu! Tunafunga, tunakesha, zaburi tunazijua kwa namba. Umeme unapotelea kwenye kiungo, sehemu ndogo kama ukucha, ambayo tumeizungushia maneno ya kweli ili asiwepo wa kuifungua. Na tukinyamaza, anayeumia ni nani? Mayai yanayopoa si yetu. Tumwombe Mungu nini, kontrola mpya?

Turudi bandani. Skrubu ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Fundi akashika ya tatu, taratibu mno kwa mtu anayejua kazi yake.

"Labda ni mimi," mama akasema. "Labda niliyapanga vibaya."

Mwalimu akavua miwani.

"Binti, acha hiyo skrubu."

"Kontrola ni nzima, Mwalimu?"

"Ni nzima." Akamgeukia mkewe kwanza. "Mke wangu, wali wako haukuwa na jiwe hata siku moja." Kisha akafungua mdomo, akaweka kidole palipokuwa na gego. "Vichwa vyote kumi na viwili nilivibana kwa haya."