Farasi Aliyesimama Kwenye Nyasi Ndefu

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo pakawa ya watu wenye usingizi. Na wewe baba huko nyuma, usijifanye unatengeneza redio, itikia pamoja na watoto. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia. Hapo zamani za kale palikuwa na jabali, na juu ya jabali walikaa Pimbi. Mnamjua pimbi? Mdogo, mnene, mkia hana. Pimbi hawa hawakupenda kushuka. Chini ni peupe, na Tai akikuona peupe, fyuu! hayupo mtu. Kwa hiyo mambo yao yote waliyafanyia juu, hata kununua. Mwuzaji anasimama chini na bidhaa yake, wao wanachungulia. Wakiipenda, wanapiga miluzi mitatu. Wa tatu ukishalia, biashara imekwisha, hakuna kurudisha.

Mwaka huo chemchemi ya jabalini ikakauka kau! Maji yakabaki mtoni, nusu siku kwenda na kurudi. Walioshuka kuteka walikuwa wengi, waliorudi wachache. Mkubwa wao, Bibi Pimbi, alikuwa na mjukuu mchanga. Midomo ya mtoto imepasuka, analia bila machozi.

Bibi Pimbi akasema, "Tukikaa hivi, mwezi hauishi tutazika watoto. Tununue farasi atuletee maji."

Wakachanga asali. Wakachanga, wakachanga, vikapatikana vibuyu sita. Ndivyo vyote. Msimu wa asali umepita, hakuna vingine.

Akaja Mbweha mchuuzi na farasi vijana wawili. Mmoja mwekundu, kapakwa mafuta, anang'aa. Huyo akamsimamisha kwenye nyasi ndefu. Wa pili jike, wa kijivu, kichwa kikubwa kama kinu, masikio yamelala. Huyo hata kamba hakufungwa, anajilia majani huku na huku.

Pimbi wakachungulia kutoka juu.

"Jamani, mgongo ule!"

"Na shingo!"

"Mwone anavyometameta!"

Mbweha akaweka mkono kifuani. "Mna macho, ndugu zangu. Vibuyu sita tu. Yule wa kijivu msimtazame, kanifuata tu njiani."

Fyuuuu! Mluzi wa kwanza. Fyuuuu! Mluzi wa pili. Wa tatu hupigwa na mkubwa. Bibi Pimbi akavuta pumzi, akajaza mashavu, halafu akaiachia pumzi yote.

"Mbweha," akasema, "huyo mwekundu tangu asubuhi hajahama hapo. Mwenzake keshakula bonde zima."

"Mtulivu, bibi. Ndiyo malezi."

"Mtoe kwenye nyasi. Mpitishe juu ya mawe."

"Aa, bibi yangu, huyu hajazoea mawe."

"Sisi tunakaa wapi, bwana?"

Mbweha akakohoa. Pimbi wakacheka, kisha wakakasirika. "Bibi, piga mluzi! Watoto wana kiu!"

"Wangu pia ana kiu," akasema. "Ndiyo maana sipigi."

Basi farasi mwekundu akatolewa. Akapita juu ya mawe. Ko, ko, ko... ti. Ko, ko, ko... ti. Haya watoto, farasi ana miguu mingapi? Minne! Mmesikia ko ngapi? Tatu! Mguu wa nne unagusa tu na kukimbia.

Bibi Pimbi akatazama mbinguni. Tai yuko juu, anazunguka. Akatazama tena farasi. Mguu hawezi kuushika kutoka juu ya jabali. Akashuka.

Wenzake wakashika vichwa. "Bibi! Una wazimu?"

Moyo unampiga du, du, du, lakini akaenda. Akapitisha mkono kwenye mguu wa mbele, kuanzia begani, polepole mpaka ukwatoni. Goti limevimba, lina moto. Akasimama mbele yake akatazama. Kwato zimegeuka nje, moja inaangalia mashariki, moja magharibi.

"Pole, mwanangu. Hili goti tangu lini?"

"Tangu masika, bibi," farasi akajibu. "Miguu ndivyo nilivyozaliwa. Hakuna aliyeniuliza."

Mbweha akadakia, "Basi vibuyu vinne! Vitatu! Haya viwili, kwa sababu yako wewe!"

Huko juu wakapagawa. "Viwili! Bibi, chukua! Bure hiyo!"

Bibi Pimbi akawageukia. "Bei imeteremka. Goti limepona? Huyu atafika mtoni leo, kesho atalala njiani na maji yetu."

Akaenda kwa yule wa kijivu. Akampitisha juu ya mawe. Ko, ko, ko, ko. Akamtuma mbio mpaka mlimani na kurudi, akatega sikio puani. Pumzi imetulia. Akashika miguu. Mikavu, imenyooka kama mchi, kwato ngumu.

"Bibi, kichwa hicho!" wakalia wenzake. "Tutachekwa!"

"Kichwa kibaya hakimwagi maji."

Mbweha kusikia hivyo, akapanda bei. "Huyo vibuyu vitano. Ana miaka mitatu kamili, mzigo wowote anabeba."

Bibi Pimbi akamfungua farasi mdomo. "Meno ya utoto haya, Mbweha. Hata miaka miwili hajatimiza. Mpaka mwakani nitampa nusu ya mzigo. Na wewe nitakupa nusu ya vibuyu vyetu sita. Vitatu."

"Vinne!"

"Vi..."

Hajamaliza, kivuli kikamfunika. Fyuu! Tai huyo! Bibi Pimbi akajirusha chini ya tumbo la farasi wa kijivu, katikati ya miguu minne. Kucha zikapiga vumbi, mabawa yakampiga farasi usoni, pwa! pwa! Farasi mwekundu akatimua mbio, ko-ko-ko-ti, akaanguka. Yule wa kijivu akafumba macho. Hakuruka, hakupiga teke, hata ukwato mmoja hakuunyanyua. Tai akapaa mikono mitupu.

Kisha kutoka chini ya tumbo la farasi ukasikika mluzi wa tatu. Fyuuuuuu!

"Vitatu," sauti ya Bibi Pimbi ikatetemeka, "na sitoki hapa mpaka ukubali."

Mbweha akachukua vibuyu vitatu, akaenda zake na farasi wake anayechechemea.

Jioni hiyo farasi wa kijivu akapanda jabali na maji, nusu ya mzigo. Mjukuu akanywa. Akanywa tena. Akalia, na safari hii machozi yakatoka. Bibi Pimbi naye akalia, hakujificha. Siku ya tatu Pimbi wote walikuwa wakiambiana kwamba, ukikitazama vizuri, kile kichwa ni kizuri sana.

Basi funzo ni hili. Ukinunua, shuka. Tazama kitakachobeba mzigo, ukishike kwa mkono wako. Mng'aro hautembei, na bei ya chini haiponyi mguu mbovu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Koo langu nalo limeishia hapo, nani ananiletea maji?