Bi Kuchakuro na Madirisha Yasiyofungwa

Paukwa.

Pakawa.

Bado mmelala. Nasema, Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Na nyinyi wakubwa sogeeni, msijifanye mnasikiliza redio. Hadithi ya leo ina watoto na ina maji, na mimi mwenyewe kila nikiisimulia mwili hunisisimka.

Hapo zamani za kale, kale ya juzijuzi, si ile ya mababu, palikuwa na bonde. Katikati ya bonde mto unapita. Juu ya mto kuna bwawa. Chini ya bwawa, kando ya mto kabisa, aliishi Bi Kuchakuro. Kuchakuro mnamjua? Yule mnyama mdogo mwenye mkia wa manyoya, husimama kwa miguu ya nyuma akakunja mikono kifuani kama anaswali. Basi huyo.

Bi Kuchakuro alikuwa mjane, ana watoto tele. Nyumba yake ilikuwa na shimo la juu na shimo la chini. Shimo la juu ndiyo sebule. Shimo la chini lilikuwa karibu na maji. Mchana jua likiwaka, watoto walilala shimo la chini, maana mchanga wa kule ni wa baridi. Wanalala, wanasukumana, wanalala tena. Kitindamimba wao aliitwa Mkasi, na huyo usingizi wake ulikuwa mzito kuliko wa wote.

Sasa, wanyama wa bonde waliliogopa sana lile bwawa. Likibomoka je? Kobe ndiye aliyekaa huko juu kulilinda. Lakini Kobe akiona hatari atakuja mbio kuwaambia? Kobe nyinyi mnamjua. Angefika wajukuu wamezaliwa. Basi wakatafuta kompyuta mbili. Moja wakampa Kobe. Ya pili wakaiweka sebuleni kwa Bi Kuchakuro, kwa sababu maji yakija yeye ndiye wa kwanza kufikiwa. Wakatega sola juu ya kichuguu. Wakamwambia, "Kobe akipiga simu humu, pokea. Akisema maji yanakuja, toa watoto wako, kisha tupigie kelele na sisi."

Bi Kuchakuro akasema, "Nimesikia."

Na bonde lile lilikuwa na desturi yake. Mgeni akija unamtandikia mkeka. Mgeni akienda, mkeka huukunji. Unauacha pale pale mpaka mwenyewe aseme, "Kunja." Ukiukunja kabla, umemfukuza, na habari hiyo itavuka mto kabla wewe hujaosha vikombe. Bi Kuchakuro aliishika desturi hii kuliko wote. Ukiingia sebuleni kwake huoni sakafu, unaona mikeka.

Akaja Nyani. "Hodi humu."

"Karibu, kaka Nyani."

"Bi Kuchakuro, nasikia kuna sinema ndani ya hiki kidude."

"Ipo, keti."

Nyani akafungua sinema. Akatazama, akacheka, akasinzia, akaamka, akaenda zake. Dirisha la sinema likabaki wazi kwenye kioo. Bi Kuchakuro akalitazama. Pale pembeni aliiona alama ya kufungia, na aliijua kazi yake. Akanyoosha kidole. Akakirudisha. Akajiambia, "Nikilifunga dirisha la Nyani, si ndiyo nimemkunjia mkeka?" Basi akalishusha taratibu mpaka chini ya kioo. Likajificha, likawa kialama kidogo. Moyo wake ukatulia.

Akaja Ngiri. Huyo alitaka kutazama picha za harusi ya binti yake. Akazikuza moja moja, hii ya biharusi, hii ya pilau, hii ya biharusi akila pilau. Akaenda zake. Bi Kuchakuro akazishusha chini.

Akaja Fisi. Fisi hana undugu wowote na Bi Kuchakuro, lakini kwake kila mtu ni shemeji. "Shemeji, nipishe kidogo nicheze karata." Akacheza na kompyuta, ikamfunga. Akacheza tena, ikamfunga tena. Akanuna, akaondoka bila kuaga. Bi Kuchakuro akazishusha karata chini.

Akaja Kanga na nyimbo zake. Akaja Digidigi na mapishi yake. Kila mmoja anafungua, anaondoka. Bi Kuchakuro anashusha. Anafungua, anaondoka, anashusha.

Kompyuta ikaanza kuhema. Vuuuu. Vuuuu. Ukigusa hapa, inajibu baada ya wewe kusahau ulitaka nini. Kishale cha kuelekezea kikawa kinatembea, kinasimama, kinatembea, kinasimama, utafikiri kinapanda mlima na mzigo kichwani.

Bi Kuchakuro akapata wasiwasi. Akawaita wenzake.

Nyani akasema, "Hilo ni vumbi." Akainama, akapuliza, fuuu. Vumbi likamrudia machoni. Kompyuta ikabaki vile vile. Vuuuu.

Fisi akasema, "Shemeji, izime uiwashe." Hapo Fisi hakukosea, hata fundi angeanzia hapo. Bi Kuchakuro akaizima. Kimya. Akaiwasha. Ikaamka nyepesi, wakatabasamu wote. Kisha pap, kialama cha sinema kikarudi. Pap, cha harusi. Pap, cha karata. Pap, pap, pap, vyote vikajipanga mahali pake. Kumbe kompyuta ile ilikuwa imewekwa hivyo, ulichokiacha wazi inakifungua tena yenyewe. Bi Kuchakuro akavitazama akaona haya kuvigusa. Vuuuu.

Ngiri akasema, "Imejaa hiyo. Futa vitu vyako ipate nafasi."

Ngojeni hapa, niwaeleze. Ndani ya kompyuta mna kabati na mna meza. Kabati ni la kuwekea vitu, meza ni ya kufanyia kazi. Kabati la Bi Kuchakuro lilikuwa na nafasi tele. Meza ndiyo iliyokuwa haina pa kuweka hata kijiko. Ngiri hakulijua hilo. Bi Kuchakuro naye hakulijua.

Na humo kabatini cha kwake mwenyewe kilikuwa kimoja tu: picha za marehemu mama yake. Mama akichekecha nafaka. Mama akiwa amembeba yeye mgongoni. Bi Kuchakuro akaziangalia kwa mara ya mwisho, machozi yakimdondoka kwenye ndevu, akazifuta zote. Vya wageni hakuvigusa. Alifuta vyake.

Kompyuta ikafanya nini? Ikahema. Vuuuu, kama jana. Bi Kuchakuro akabaki ameduwaa, mikono kifuani. Mama amekwenda mara ya pili, na nafasi haikupatikana.

Basi, ikaja siku hiyo. Jua kali. Mbingu haina wingu hata la kusingizia. Watoto wamelala shimo la chini. Bi Kuchakuro yuko sebuleni anachambua mbegu. Kompyuta ikalia, ngri, ikakatika. Ikalia tena, ngri, ikakatika. Akaiendea mbio, akabonyeza kupokea. Hakuna kitu. Akabonyeza tena. Akangoja. Uso wa Kobe ukatokea kipande kipande, kwanza gamba, halafu shingo, halafu mdomo.

Kobe akasema, "Mwanangu."

Kisha akaganda. Mdomo wazi, macho yamemtoka, shingo imenyooka mpaka mwisho. Hatikisiki. Kompyuta inahema tu, vuuuu.

"Nakusikia, babu," akasema Bi Kuchakuro. "Sema."

Kobe ameganda na mdomo wake.

Bi Kuchakuro aliwahi kumwona Kobe amechoka, aliwahi kumwona amekasirika, lakini hajawahi kumwona Kobe ameogopa. Akatazama chini ya kioo, vile vialama vimejipanga kama vilivyo. Akajua. Sijui alijuaje, pengine ni kwa sababu aligeuka akaona sebule yake ilivyojaa mikeka hata yeye mwenyewe alikosa pa kusimama. Akajua kwamba Kobe anataka kuingia, na ndani hamna nafasi.

Mnampa pole? Ngojeni kwanza. Mwajua alifanya nini? Alitoka nje kuomba ruhusa.

Ndiyo. Alisimama juu ya kichuguu akaita, "Kaka Nyani! Njoo useme nifunge sinema yako!" Nyani yuko mbali, mdomo umejaa tini. Akaita, "Bwana Ngiri!" Ngiri yuko matopeni, masikio yamezibwa. Akaita, "Shemeji Fisi!" na hilo neno hakuwahi kulitamka maishani mwake. Hakuna aliyeitika. Na pale juu ya kichuguu, upepo ukamletea sauti kutoka juu ya mto. Nzito. Ya mbali. Ngurumo, na mbingu haina wingu.

Akarudi ndani mkia juu.

Akalipandisha dirisha la kwanza. Lo, sinema ya Nyani bado inakwenda. Watu wanapigana, hakuna sauti, hakuna mtazamaji. Siku zote hizo inakwenda. Akasema, "Niwie radhi, kaka Nyani," akafunga. Tap.

Akapandisha la pili. Picha za harusi, zote zimetandazwa, kubwakubwa, moja juu ya nyingine. "Niwie radhi, bwana Ngiri." Tap.

Nyimbo za Kanga, bado zinaimba kwa sauti iliyozimwa. Tap. Mapishi ya Digidigi. Tap. Hakuomba radhi tena, pumzi hakuwa nayo.

Likabaki la Fisi. Akalipandisha, akashtuka akarudi nyuma hatua. Karata zilikuwa zinajigawa zenyewe. Zinajigawa, zinajicheza, zinashinda, zinaanza upya. Fisi aliondoka tangu mvua za vuli, na mchezo wake bado unakula peke yake mezani, ukila zaidi ya wengine wote pamoja. Bi Kuchakuro akasema, "Toka." Tap.

Feni ya kompyuta, ile ya vuuuu, ikanyamaza.

Na Kobe akasema, kwa sauti iliyojaa sebule nzima, "Ukingo umebomoka! Mwanangu, ukingo wa bwawa umebomoka, mimi nimepanda mwambani, toa watoto! Nakuita tangu asubuhi ulipoanza kupasuka, hupokei! Toa watoto!"

Tangu asubuhi. Mmesikia?

Bi Kuchakuro alikwishatoka. Aliteremka kwenye shimo la chini akipiga mayowe, "Maji! Maji!" kwa sauti ambayo hajawahi kuitoa, na safari hii bonde zima likasikia, Nyani akatema tini, Ngiri akachomoka matopeni. Akawafikia watoto. Akawauma masikio waamke. "Juu, juu, juu!" Wakatoka mbio, mmoja, mwingine, mwingine, wanakanyagana. Maji yakaingia, shwaa, yakamfika magotini. Akahesabu kwa macho. Mkasi hayumo.

Mkasi bado amelala.

Akarudi ndani. Giza, tope, maji yanampiga kifuani. Akapapasa. Hakuna. Akapapasa. Mchanga. Akapapasa, akashika mkia. Akauma mkia huo kwa meno, akatambaa kinyumenyume, na shimo likaporomoka nyuma yake, pwaa, akasukumwa nje pamoja na tope.

Wakapanda kwenye mwamba wa hapo karibu, wanyama wote wa bonde. Chini, maji yalikuwa yanapita na kila kitu. Sebule ilikwenda, kichuguu kilikwenda, kompyuta ilikwenda. Hakuna aliyetazama huko. Wote walikuwa wanamtazama Mkasi. Alikuwa amelala juu ya jiwe na hapumui.

Ngiri akamwinua kichwa chini. Akamtikisa. Tope likatoka. Akamtikisa tena. Bi Kuchakuro amesimama, mikono kifuani, hata kulia hajui kunaanzaje. Ngiri akamtikisa tena.

Mkasi akakohoa.

Akakohoa, akalia, na kilio chake kilikuwa kibaya kweli, lakini hakuna aliyewahi kusikia kitu kizuri namna ile. Bi Kuchakuro akamkumbatia akatetemeka mpaka meno yakagongana.

Alipopata sauti akakumbuka adabu. Akasema, "Jamani, niwieni radhi. Nimefunga madirisha yenu bila ruhusa."

Nyani akauliza, "Madirisha gani?"

"Sinema yako, kaka."

"Ile? Ile niliiacha katikati, haikuwa nzuri. Nilikwisha kuisahau."

Ngiri akasema, "Mimi nilimaliza siku ile ile, dada. Nilidhani nimekuachia ufunge."

Fisi akakuna shingo. "Shemeji, mimi sikujua hata kama ule mchezo ulikuwa bado unaendelea."

Bi Kuchakuro akawatazama mmoja mmoja. Hakukuwa na mgeni. Siku zote zile alikuwa anatunza nafasi za watu waliokwisha kwenda zao, na kwa ajili yao alimfuta mama yake, na kwa ajili yao alitoka nje kuomba ruhusa maji yakiwa njiani. Akamshika Mkasi kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika. Akasema, "Hamkuwemo. Wala hamkuwemo."

Maji yakaendelea kupita.

Basi, wanangu na wakubwa zenu, fundisho lake ni hili. Ukarimu ni kwa mgeni aliyepo. Aliyekwenda amekwenda, funga nyuma yake, ili anayekuja na neno la kukuokoa apate pa kuingia. Na kompyuta yako ikizubaa, usikimbilie kufuta vya thamani. Tazama kwanza ulivyoviacha wazi.

Hadithi yangu imefika mwisho wake na hapa ndipo ninaposhuka; atakayeipenda aichukue, asiyeipenda aniachie hapa hapa nilipoketi.